Sura ya Mwisho Nimeibana kwa Pini

Goba, Dar es Salaam
Jumatano

Dada Agatha, shikamoo.

Neema kanipigia leo asubuhi, kasema umekataa tena kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nikamuuliza sababu. Alisita, kisha akajibu: "Mjomba, Mama anasema akishaona, wewe hutampigia tena simu kumsomea." Najua yeye ndiye anayekusomea barua hii. Usimgombeze binti yako, mwache aendelee.

Mie mzima, ila nimechoka. Wiki hii nimeshinda mahakamani kuripoti kesi ya mauaji. Mshitakiwa alisinzia kizimbani, shahidi hakufika, kesi ikaahirishwa. Nikirudi napanda kilima chetu, nachemsha chai, nakupigia, tunaanza mauaji mengine ya kitabuni.

Tulianza na vitabu vya mapenzi nilivyonunua Mwenge kwa muuza vitabu vilivyotumika. Cha kwanza kilikuwa na harusi mbili na mama mkwe mkorofi. Ukanikatiza: "Kasiani, unasoma kama taarifa ya habari! Binti wa watu analia, mwache alie." Kufika cha tatu, harusi zilikuchosha. "Tafuta chenye maiti," ukasema, wewe mwalimu wa kwaya.

Sikutegemea kuvipenda. Wauaji wa vitabuni wana akili mno. Niliowaona mie kizimbani wengi walikuwa walevi, au waligombania shamba na ndugu zao. Lakini kitabu hakiahirishwi, na hilo linanipumzisha. Hiki cha sasa, cha mfamasia aliyekutwa amekufa ndani ya duka lake, ni kiza kitupu. Hakuna mtu mwema hata mmoja, na bado kila jioni nilikuwa naharakisha kurudi nikifungue. Wewe unashikilia kwamba muuaji ni mke. Mie nasema ni shemeji.

"Miaka yote hiyo mahakamani, na bado huoni?" ulinicheka juzi. "Mke hajauliza hata mara moja mumewe alikufaje!"

Kitabu chenyewe nimekituma leo kwa basi. Sura ya mwisho nimeibana kwa pini, kama Baba alivyokuwa akifanya akitusomea utotoni, ili tusichungulie. Sijaisoma. Neema naye asiitoe hiyo pini, hata ukimbembeleza.

Kuhusu simu, nikueleze wazi. Sikupigii eti kwa sababu huoni. Nakupigia kwa sababu nikitoka mahakamani hakuna mwingine ninayetaka kuongea naye. Hilo daktari hawezi kulitoa. Ila macho yangu nayo yamechoka. Mchana kutwa nasoma hati za mashtaka. Nataka tubadilishane zamu. Soma wewe, nisikilize mie. Binti wa watu akilia, mlize utakavyo.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie kahawa aliyonitumia imeisha. Msalimie na Shangazi, mumtoe wasiwasi, nakula vizuri.

Neema anasema daktari bado amekushikia nafasi ya Jumatatu asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini. Jumapili jioni nitakuwa hapo nyumbani, Songea, na Jumatatu tutaongozana. Nitarudi Goba baada ya siku chache. Siku daktari atakapokuruhusu kusoma, toa pini. Saa moja jioni nitakuwa nimeshachemsha chai. Safari hii utapiga wewe.

Mdogo wako,
Kasiani