Kompyuta Iliyosahau Upande Mmoja

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani kabisa. Nimerudi kutoka kazini nimechukizwa.

Mama Chantal anastaafu mwisho wa mwezi huu. Amefua mashuka ya hoteli yetu miaka kumi na tisa. Kila mwezi tunakatwa kidogo kwenye mshahara kwa ajili ya akiba ya uzeeni, na mkataba unasema hoteli itaongeza kiasi kilekile. Leo aliniomba nimsindikize kwa afisa utumishi. Mimi ni msimamizi wake pale dobi, na karatasi zao ni za Kiingereza.

Makato yake yote yapo, mwezi kwa mwezi. Upande wa hoteli, miaka minne ya mwisho, ni sifuri tupu.

Afisa akatabasamu. Eti ni kosa dogo: walipobadilisha programu ya mishahara, majina ya watu wa dobi yaliachwa nje. Kisha akasogeza karatasi. Hoteli itampa mshahara wa mwezi mmoja kama shukrani, naye asaini kwamba hadai kitu.

Hata kalamu alimfungulia.

Mama Chantal hakuigusa. Akasema, "Mi sijue mambo ya kompita, mwanangu. Lakini miaka ine yote, hakuna mwezi ile kompita ilisahau kunikata."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama naye papo hapo. Nilitazama sakafu.

Kwa sababu nilijua.

Mwaka jana nilikuta sifuri hizohizo kwenye akiba yangu. Nililalamika, na ndani ya wiki mbili nikarekebishiwa zote. Afisa huyuhuyu akaniomba nisiwatie wenzangu wasiwasi, wanalishughulikia. Nikakubali. Nikawa nakunywa nao chai kila siku, mdomo nimeufunga.

Mama Chantal akanigeukia. "Dada, ile karatasi inasema nini? Niweke mukono?"

"Usiweke," nikasema. "Kosa hili wanalijua tangu mwaka jana. Mimi walinilipa yote, na barua yao ninayo."

Tabasamu la afisa likafutika. Alitoka, akarudi na meneja, na kabla ya saa sita Mama Chantal alikuwa na barua yenye muhuri: atalipwa miaka yote minne kabla ya kuondoka. Wenzake kumi na wawili wa dobi? Wasubiri, walisema. Wasubiri nini?

Nje, chini ya kibaraza, aliniuliza jambo moja tu. "We ulijua?"

"Ndiyo, mama."

Akajifunika kitenge kichwani, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kwao Nyamyumba. Hakuniaga.

Meneja ananichukiza. Afisa ananichukiza. Lakini uso nilioshindwa kuutazama jioni hii, wakati wa kunawa, ni wangu.

Asubuhi nitawaambia wale kumi na wawili yote, mmoja mmoja, pamoja na kunyamaza kwangu. Kisha twende wote kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, kama bado watakubali kuongozana na mimi.