Vidole vya Zubeda

Jumatatu, 5 Mei
Kompyuta tatu kabla ya chai. Nakaa hapa Arua, naingia kwenye mashine za watu kwa mtandao, natengeneza, natoka. Ya kwanza ya Mkongo wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Kibodi yake ya Kifaransa, nikabadilisha mpangilio wa herufi kwangu uwe wa Kifaransa ili tuelewane. Kisha printa ya ghala la Afande, Koboko. Karani wake, Zubeda, akaniandikia: "Asante fundi. Mungu iko." Nampenda huyo, hasumbui.

Jumanne, 6 Mei
Afande kapiga simu anabweka. Jeshi alishaacha, mdomo hakuacha. Kompyuta imekataa neno la siri la Zubeda na malori mawili yanangoja hati. Nilikuwa na njaa. Sikuingia hata kuangalia. Nikasema anakosea kuandika, nikafunga kazi kwa ripoti tunayomtumia mteja kila siku: kosa la mtumiaji. Kabla simu haijakatika nikasikia kofi. Halafu lingine.
Nikala maharagwe yangu.

Jumatano, 7 Mei
Tena. Zubeda analia, "Fundi, mimi naandika muzuri!" Afande: "Fundi ilisema kosa ni yako!" Kishindo cha plastiki juu ya meza. Cha pili. Cha tatu. "Vidole yangu! Vidole yangu!" Alikuwa anampiga kwa kibodi yenyewe. Nikapiga kelele aache. Simu ikazimwa.
Nikajaribu kuingia kwenye mashine yao kwa akaunti yangu. Nikakataliwa. Neno la siri ni nukta nyeusi tu, hakuna anayeona anachoandika. Nikatazama pembe ya skrini: Kifaransa. Niliuburuta mimi mpangilio ule kutoka kwa Mkongo Jumatatu, nilipoingia kutengeneza printa, nikausahau kwenye mashine yao. Kila A yake ilikuwa inaingia Q.
Nikapiga tena. Simu bado imezimwa.

Ijumaa, 9 Mei
Hospitali ya Kuluva. Vidole vitatu vya kulia vimesagika, kimoja wamekikata. Afande amewaonyesha polisi ripoti yangu: karani mzembe, fundi mwenyewe kaandika.
Nikamwambia kaka yake Zubeda, Juma, yote kwa mara moja. Ngumi ya kwanza ilinitoa jino. Nikaanguka, akanipiga mateke mbavuni, na watu wakamwacha kwa kuwa walishasikia. Sikuinua mkono. Si ushujaa, niliogopa. Zubeda ndiye aliyemzuia, kutoka kitandani.
"Juma, wacha. Mutu ya kupiga iko Koboko."
Nikaenda polisi na damu mdomoni. Nikaandika upya: kosa la fundi. Nikaandika na vishindo, kimoja kimoja.

Jumatatu, 2 Juni
Afande yuko ndani. Mbavu bado zinauma nikikohoa.
Saa nne Zubeda akaniomba niingie kwenye kompyuta ya Juma. Sikutarajia. Nikaangalia pembe ya skrini kwanza. Nikamwekea mpangilio wa mtu wa mkono mmoja, asilazimike kushika vitufe viwili pamoja.
Akajaribu jina lake, kwa kushoto. Z ikaja. Nikangoja. Ilimchukua dakika nzima kulimaliza. Sikugusa kibodi yangu.