Uzi Uliomkatikia Babu

Shikamoo Babu! Itikia marahaba hukohuko Tabora, kwa sauti, maana nina habari ya kukuinua kitini.

Leo, jua la Kariakoo likiwa utosini, nilisimama kula muhogo wa kukaanga nje ya duka la spika na magitaa. Ndani, vijana watatu wa bendi ya roki, fulana nyeusi tupu, walikuwa wanajaribu magitaa kwa makelele ya kupasua vioo. Mara nikasikia solo lako, Babu! Lile la bendi yenu ya jazi ambalo redio ikilipiga tu unaizima, kwa aibu, kwa sababu uzi wa gitaa ulikukatikia katikati ya kurekodi, ukarukia uzi mnene kujiokoa. Na wao wakarukia palepale, kwa makusudi, macho wamefumba!

Nikaingia mbio, pilipili mdomoni. "Mwenye solo hilo ni babu yangu!"

Mpiga solo akanyamazisha gitaa. "Dada, acha utani! Pale anaporuka ndipo sisi tulipojifunzia roki. Bendi zote za wenzetu hapa Bongo zinaiga pale. Hivi mzee aliwaza nini kuruka vile?"

Nikajibu bila kupepesa macho, "Aliwaza kuruka vile mwaka mzima."

Babu, wamenikumbatia mpaka muhogo ukadondoka! Msalimie sana Bibi, mwambie alitoe gitaa lako juu ya kabati. Nakuletea nyuzi mpya. Ila ukifika pale uzi ulipokatika, chondechonde, usije ukapapiga vizuri.

Mjukuu wako anayecheza peke yake barabarani,
Zuhura