Kompyuta ya Marehemu na Kifurushi Nilichokikana

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, tena naomba iwe kabla ya Jumatatu, kwa sababu siku hiyo kuna baba wa watu ataitwa ofisini kwao afukuzwe kazi kwa kosa ambalo ni langu, na mpaka sasa hakuna anayejua ila mimi na kifurushi kilicho chini ya kitanda changu.

Mimi ni fundi wa miwani, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nakata lenzi kwenye chumba cha nyuma cha duka, wateja wanaongea na bosi huko mbele, mimi nasikia mashine tu, na nyumbani naishi peke yangu tangu mume wangu alipofariki miaka miwili na miezi minne iliyopita. Watoto hatukujaaliwa. Niliyebaki naye ni mdogo wangu wa kiume, tumezaliwa wawili tu, naye yuko nchi ya mbali anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, na sisi kwenye simu hatuwezani, tunaulizana hali, tunaulizana afya, tunasema haya basi, tumemaliza. Mahali tulipokuwa tunaongea kama watu waliolelewa nyumba moja ni kwenye mchezo wa kompyuta, utanicheka lakini ndiyo kweli yenyewe, mchezo wa kuendesha malori milimani, kila mtu na lori lake, unavaa hedifoni unamsikia mwenzako, na kila Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa tunapakia mzigo tunaondoka, yeye mbele mimi nyuma, na huko barabarani ndiko alikoniambia kwamba ndoa yake imevunjika, na ndiko nilikomweleza jinsi mama alivyokata roho siku ile ambayo yeye hakupata ruhusa ya kuja, mambo ambayo tukitazamana usoni hayatoki.

Sasa kompyuta ninayochezea ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa fundi wa kompyuta wa shule, na hakutaka kusikia habari ya ule mfumo unaouzwa madukani, alitumia Linux, mfumo wa bure ambao ndani yake pako wazi, kila mwenye ujuzi anaweza kuingia akausoma na kuugeuza apendavyo. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba humo hakuna mchezo unaochezeka, naye anawaambia, "Njooni mumwone mke wangu anavyoteremka mlima na tani ishirini." Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki tangu mashine ya lenzi iliponinasa, kwa hiyo alikaa siku tatu akaniandikia kiprogramu cha kuhamishia breki na honi upande wa kulia, na humo ndani, katikati ya maandishi ya kompyuta, aliacha maneno ya kawaida ya kujikumbusha, mahali pamoja ameandika "hapa pasiguswe, mama mwenye nyumba atagonga ukuta na lori lake," na chini kidogo "ameniambia honi inachelewa, ni kweli, nimerekebisha." Nikimkumbuka sana nafungua faili hilo nasoma. Picha zake ninazo, lakini kwenye picha haongei na mimi.

Miezi mitano iliyopita wenye mchezo wakaweka kizuizi kipya cha kuwakamata wachezaji wadanganyifu, na kizuizi hicho hakiutambui mfumo wetu, kila anayeingia kwa Linux kinamhesabu mdanganyifu na kumfungia mlango. Nikibonyeza naandikiwa muunganisho umekataliwa. Iliyobaki wazi ni barabara ya mazoezi, ambayo unaendesha peke yako, hakuna lori jingine, hakuna hata wa kumpigia honi akupishe, nami nilikuwa naiendesha hiyo hiyo kila Jumamosi saa tisa, hedifoni nimevaa, sijui nilikuwa nasubiri kumsikia nani.

Nilipomweleza mdogo wangu akasema, "Dada, hilo kopo la shemeji limeshazeeka, litupe. Nitakutumia kompyuta ya watu." Hakuwa na nia mbaya, ndivyo anavyoongea. Lakini mimi nilisikia kama kaniambia nimtupe mwenye kopo, nikamjibu, "Sawa."

Kifurushi kikaja. Aliyekileta ni yule mpeleka vifurushi anayetuletea lenzi dukani miaka yote, tunamwita Chapuchapu kwa mwendo wake, mtu mzima, mpole. Kile kimashine chake cha kuwekea saini kilikuwa kimeisha chaji, akasema, "Usijali Mama, nikifika ofisini nitakujazia mwenyewe, sisi tunajuana." Nikakibeba mpaka nyumbani, nikakisukuma chini ya kitanda bila kukifungua, na mdogo wangu alipouliza kama kimefika nikasema bado. Wiki ya pili nikasema bado. Sikuwa nimepanga, Mshauri, lilinitoka tu, niliona nikisema kimefika ataniambia niiwashe, na nikiiwasha hiyo, basi ile ya mume wangu nitakuwa nimeizima kwa mkono wangu.

Mdogo wangu akalalamika kwa kampuni ya vifurushi, kampuni ikachunguza, ikakuta saini si yangu, Chapuchapu akasimamishwa kazi. Jumanne alikuja dukani bila sare, akasimama mbele ya bosi wangu, nikaitwa kutoka nyuma, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, hebu nisaidie kukumbuka. Nilikupa au sikukupa?"

Nikaitazama lenzi niliyokuwa nimeishika. Nikasema, "Sikumbuki."

Akanitazama kidogo, akasema asante, akaondoka. Asante, Mshauri. Angenitukana ningelala.

Nikisema ukweli, bosi ataniona mwizi, na mdogo wangu hatanisemesha tena, na sina mwingine. Nikinyamaza, yule baba anakosa kazi, ana watoto, nimewahi kuwaona. Kazini jana nimeharibu lenzi tatu. Nifanye nini?

Fundi wa Miwani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako sikuiweka kwenye foleni. Uliandika namba yako chini ya karatasi, nikakupigia Ijumaa ile ile niliyoipata, na wasomaji wangu wanisamehe kwa kuwapa leo barua ya wiki tatu zilizopita. Nilikuambia jambo moja: kibebe hicho kifurushi kama kilivyo, ukakiweke juu ya meza ya meneja wao kabla yule baba hajaitwa. Kisha ukaniuliza kama unaweza kumtuma mtu. Nikakujibu hapana.

Ulikwenda, na hapo nakupa haki yako. Ulinieleza ulivyokaa kwenye benchi nje ya ofisi yao, kifurushi mapajani, kabla hata hawajafungua mlango, na jinsi meneja alivyokutaka uandike yote kwa mkono wako na kutia sahihi, halafu akakurudishia mzigo wako bila kukuangalia. Chapuchapu amerudi kazini. Ameonywa kwa kukutilia saini, lakini amerudi. Aibu uliyoipata siku hiyo ilikuwa halali yako, na umeilipia.

Sasa umeniandikia tena, unasema hakusalimii kama zamani, akileta lenzi anamkabidhi bosi anageuka, na unataka nikufundishe namna ya kumrudisha. Sikufundishi. Alikuamini ukamwacha amesimama peke yake. Kama atakuzoea tena au la, hiyo ni shauri yake. Lakini kuna deni ulilonificha mpaka nilipokuuliza mwenyewe: bosi wako bado hajui. Umekwenda kumsafisha yule baba kazini kwao, dukani umemwacha na doa. Sasa sikiliza. Akija tena na mzigo, zima mashine, toka huko nyuma, na mbele ya bosi wako useme, "Siku ile nilikuwa nakumbuka. Ulinipa, nikakukana." Basi. Usilie, usimletee zawadi, usimweleze habari za marehemu ili akuonee huruma. Sema, kisha rudi kwenye lenzi zako.

Tuje kwenye kompyuta, na hapa nitakukaripia. Unasema unamtunza mume wako. Miaka miwili na zaidi maneno yake umeyaacha mahali pamoja tu, kwenye diski kuukuu ambayo siku yoyote inaweza kugoma, na hujayanakili popote. Nilimuuliza fundi wetu hapa ofisini, akashika kichwa. Anasema faili hilo ni maandishi matupu, linaingia mahali popote, halina uzito hata wa picha moja. Leo hii linakili mara mbili, nakala moja uiweke kazini, na nyingine uichapishe kwenye karatasi. Ukishamaliza, fungua kifurushi cha mdogo wako uweke mchezo humo. Ile ya zamani ibaki mezani pake na Linux yake, uitumie kwa mambo mengine yote. Ni nani aliyekuambia lazima moja ife? Nyumba yako ina nafasi ya kompyuta mbili.

Na vile vidole vyako, breki na honi, mtafute fundi wa programu akuandikie kiprogramu kama kile kwa mfumo mpya. Mpe faili la mume wako asome jinsi lilivyofanyika. Najua utasita, utaona kama unamwonyesha mgeni barua ya mapenzi. Lakini mume wako, kwa maelezo yako mwenyewe, maisha yake yote alitaka kazi ya mtu iachwe wazi ili mwingine aiendeleze. Mwache huyo mgeni aione.

Limebaki lile lililo zito kuliko yote. Kampuni imemwandikia mdogo wako kwamba mzigo ulipokelewa. Yeye amekutumia ujumbe mmoja tu: "Dada, wanasema ulipokea. Kweli?" Na wewe una siku kumi na moja hujamjibu, halafu unaniandikia kwamba unaogopa hatakusemesha. Mama, anayeuliza ni yeye. Aliyenyamaza ni wewe.

Hebu mfikirie na yeye. Anashinda kwenye baridi akipanga maboksi, akirudi chumbani hakuna mke, na Jumamosi ikifika saa tisa yeye ndiye aliyekuwa akikusubiri wewe barabarani usitokee. Ile kompyuta hakukutumia ili umsahau shemeji yake. Alikuwa anakutafuta. Aliposema kopo, hakujua kilichomo, kwa sababu nilikuuliza kama umewahi kumwambia habari za lile faili, ukasema hapana, hata siku moja. Basi unamnunia mtu kwa kutoheshimu kitu ambacho hukuwahi kumwonyesha. Msomee. Yule alikuwa shemeji yake, naye alimpoteza akiwa mbali, na huenda hana hata mtu wa kumzungumzia huko aliko.

Usingoje mchezo ufunguke. Mpigie simu ya kawaida, na mkifika pale mnapokosa la kusema, msikate. Kaeni hivyo hivyo, kila mtu na simu yake sikioni. Kimya cha ndugu hakiui mtu. Na akikasirika mwache akasirike, umemdanganya wiki kadhaa na nusura mtu akose kazi kwa malalamiko yake. Ana haki ya kufoka. Usijitetee.

Lakini kabla ya simu, ujumbe wake ujibiwe. Usimwandikie kurasa kama ulizoniandikia mimi. Amekuuliza swali la neno moja, mjibu kwa neno moja, sasa hivi, gazeti likiwa bado mkononi. Mwandikie: Kweli. Yaliyobaki atakuuliza mwenyewe.