Vidonge vya Niviaq Ndani ya Kopo la Sukari

KAMATI YA AKINA MAMA YA AFYA, KIJIJI CHA NUVUTTIQ
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA ALHAMISI, TAREHE 7 MACHI 2019
MAHALI: CHUMBA CHA KUSHONEA, KUANZIA SAA NANE MCHANA

Nakala hii ni ya mjumbe Ragilee aliyelazwa hospitali ya kusini. Mwenyekiti ameruhusu mimi Katibu nitangulize salamu, kwa sababu mtu hatumiwi karatasi kavu.

Wifi yangu Ragilee, hujambo? Na kifua hakijambo? Sisi huku wazima. Mumeo Davidee hajambo, amekonda kidogo kwa kula mikate anayojikaangia mwenyewe. Mwanao Jukipa hajambo, amewinda sili wake wa kwanza baharini, na kipande chako cha nyama kimewekwa kwenye friza, hakuna atakayekigusa. Kaka yako, yaani mume wangu Jaco, hajambo ila mgongo. Bibi Ooleesie hajambo na anakusalimu sana. Mbwa wako mweupe hajambo, amezaa watano. Mwanangu Niviaq hajambo, na leo nikisema hajambo ujue nimelipigania neno hilo. Soma mpaka mwisho.

WALIOHUDHURIA
1. Meeka Qappik – Mwenyekiti
2. Bibi Ooleesie Nauyuk – Mjumbe
3. Annie Tassugat – Mjumbe na mfasiri
4. Leetia Akavak – Katibu
5. Nesi Doreen – Mwalikwa
6. Niviaq Akavak, miaka sita – hakualikwa, alikuwa chini ya meza

WASIOHUDHURIA
1. Ragilee Akavak – yuko hospitali (kwa udhuru)
2. Sheepa Qappik – alikwenda kuvua samaki barafuni (hakuaga)

KUMB. NA. 1/03/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Alisema jua limerudi baada ya miezi ya giza, watu wana nguvu, basi na kikao kiwe na nguvu. Alisema pia kwamba Sheepa ni dada yake lakini jina lake lisifutwe kwenye wasiohudhuria.

KUMB. NA. 2/03/2019: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alikumbusha kwamba tangu Ragilee agundulike na kifua kikuu mwezi wa Desemba, watu thelathini na mmoja wamepimwa. Waliopimwa ni wale waliokuwa wakicheza naye karata kila Jumamosi nyumbani kwa Bibi Ooleesie, na watoto waliokuwa wakilala pale pale michezo ikiendelea. Mmoja wa watoto hao ni Niviaq, binti wa Katibu. Alikutwa na vidudu vimelala, naye akapewa vidonge vya miezi minne.

Annie alisema, "Yote haya kayaleta Ragilee na kikohozi chake."

Mwenyekiti alimwambia, "Annie, na nani alimwambia Ragilee akae, asiende nyumbani, kwa sababu ulikuwa unashinda? Si wewe?"

Iliamuliwa kwamba neno "kayaleta" lisitumike tena katika kamati hii. Wifi yangu, limeandikwa hapa ili uone lilivyokataliwa.

KUMB. NA. 3/03/2019: UGONJWA UNAVYOENEA
Nesi Doreen alieleza kwa muda mrefu. Annie alitafsiri kwa ufupi: "Anasema msikohoe ovyo." Mwenyekiti aliomba yaliyobaki.

Kwa tafsiri ya pili, Nesi alieleza kwamba vidudu vya kifua kikuu hutoka na pumzi ya mgonjwa akikohoa, akiimba au akicheka sana. Katika nyumba iliyofungwa huelea saa nyingi kama moshi wa taa ya mafuta, hata mwenye kukohoa akiwa ameshaondoka. Anayevuta hewa ile huviingiza kifuani. Mwili wenye nguvu huvizungushia ukuta, navyo hulala humo miaka na miaka bila mtu kukohoa wala kumwambukiza mwingine. Mwili ukichoka, ukuta hupasuka. Ukuta wa mtoto mdogo ni mwembamba zaidi, na vikitoka vinaweza kwenda kwenye mifupa, hata kichwani.

Katibu aliacha kuandika kwa dakika kadhaa. Anaomba radhi.

Bibi Ooleesie alisema ameelewa, ni kama dubu jike aliyelala pangoni mwake chini ya theluji, unaweza kupita juu yake usijue.

Annie alisema, "Bibi, basi huyo dubu aachwe alale."

Bibi alisema, "Anayesema hivyo ni yule ambaye mumewe anawinda dukani."

Nesi alipoelezwa maneno haya alifurahi. Alisema ndiyo kabisa, na vidonge ni vya kumwua dubu akiwa bado usingizini, ndiyo maana vinamezwa kila siku hata mtoto akiwa anaruka na kucheza.

Bibi Ooleesie aliuliza kuhusu vikombe, huku akimtazama Annie. Ilikumbukwa kwamba Annie alipaka baadhi ya vikombe vyake rangi ya kucha, vyekundu vikawa vya wageni kwa kuogopa ugonjwa, na kwamba Bibi alipewa chekundu. Nesi alisema ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe, wala kwenye samaki wa barafu wanaoliwa pamoja sakafuni. Unapita hewani. Bibi alisema, "Iandikwe." Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/03/2019: VIDONGE VYA NIVIAQ
Agenda hii haikuwepo. Iliongezwa na Annie, ambaye alitoa kopo la sukari kwenye mfuko wake akaliweka mezani. Alieleza kwamba ni kopo la Bibi Ooleesie, na kwamba Jumamosi iliyopita alipokuwa kwake anachota sukari ya chai kijiko kiligonga kitu. Alimimina. Vidonge vilitoka, kila kimoja rangi mbili, na juu yake sukari. Vilihesabiwa mbele ya kikao. Vilikuwa kumi na tisa.

Katibu aliviona na kuvijua. Ni yeye anayeacha kimoja kwa Bibi Ooleesie kila asubuhi akienda kufagia shule, ili Bibi amwangalie Niviaq akimeza.

Mwenyekiti alimwomba Bibi aeleze. Bibi alijibu kwamba mtoto alisema hataki. Aliongeza, "Mama yangu akisema hataki, mimi ni nani nimlazimishe?"

Nesi aliuliza ni mama yupi, kwa kuwa Bibi ana miaka sitini na saba. Annie alimweleza kwamba Niviaq alipewa jina la marehemu mama yake Bibi, na kwetu somo haishii kwenye jina tu, huwa ndiye marehemu amerudi. Bibi humwita mtoto huyu "mama", naye mtoto humwita Bibi "Ooleesie" bila kuongeza neno, na tangu azaliwe Bibi hajawahi kumkatalia kitu. Nesi alisema amekaa hapa miaka minne na hakuna aliyemwambia. Mwenyekiti alimjibu kwamba hakuuliza.

Katibu aliomba kusema kama mzazi na si kama katibu. Mwenyekiti aliruhusu, ila aendelee kuandika. Katibu alisema kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, "Bibi, siku kumi na tisa! Kila jioni nakuuliza kameza, unaniambia mambo shwari. Wewe humlazimishi mama yako, sawa, lakini mimi ndiye mama wa mama yako!"

Bibi Ooleesie alifikiri, akasema, "Basi wewe ni bibi yangu. Shikamoo."

Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka mara moja, alicheka baadaye, na machozi yalimtoka pia.

Bibi alisema kwa upole kwamba hakutaka kudanganya. Alisema, "Leetia mwanangu, nilikuwa naogopa pande mbili. Kumuudhi yeye, na kukutia hofu wewe. Wewe hofu unayo ya kutosha, hata upepo ukipiga mlango unapima watoto homa." Katibu anakiri kwamba hili ni kweli.

Nesi alisema mtoto kwa sasa haonyeshi dalili yoyote, lakini hesabu itabidi ianze upya, na asipomeza hawezi kuahidi kitu.

Mwenyekiti aliona heri aulizwe mtoto mwenyewe. Niviaq alitoka chini ya meza na karata mkononi. Alieleza kwamba vidonge vinamfanya akojoe rangi ya chungwa. Walipokwenda matembezi ya barafuni na shule alichuchumaa nyuma ya sleji ya kuburuta mizigo, watoto wakaona theluji, na tangu siku hiyo wanamwita Chungwa. Alisema pia, "Halafu nakunywa peke yangu. Ooleesie hanywi."

Nesi alithibitisha kwamba Bibi Ooleesie hajapimwa, ijapokuwa karata zilichezwa kwake. Ameitwa mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anashona, mara ya pili alikuwa anashona, mara ya tatu alizima taa akakaa kimya mpaka Nesi akaondoka.

Bibi alitazama mikono yake. Kisha alieleza, na haya hakuwahi kuyasema kikaoni. Mwaka ule meli ya serikali ilipokuja kupima vifua, yeye alikuwa na miaka mitano. Mama yake alimpa birika la chai akamwambia, "Shika hili, napigwa picha narudi." Mama alipanda. Waliokutwa na ugonjwa hawakuruhusiwa kushuka. Bibi alisema, "Nilikaa ufukweni na birika mpaka chai ikaganda. Birika ninalo. Mama sikumwona tena, alizikwa huko kusini. Kwa hiyo mnaponiambia picha ya kifua, mimi naona meli."

Annie alisahau kutafsiri, lakini Nesi alikuwa ameshaelewa kiasi. Alisema, na Annie akatafsiri yote bila kupunguza, kwamba walichofanyiwa watu wale kilikuwa kibaya. Leo picha inapigwa hapa hapa kijijini, nyumba ya tatu kutoka dukani, na wengi hutibiwa hapa hapa. Ragilee alipelekwa kusini kwa sababu pafu lake lilijaa maji, naye ana tiketi ya kurudi.

Bibi alisema tiketi ni karatasi.

Hapo Niviaq alikwenda kwa Bibi akasimama katikati ya magoti yake. Alisema, "Ooleesie, wewe kapigwe picha. Birika nitashika mimi. Ukitoka tunakunywa chai."

Mwenyekiti alizuia watu wasiseme. Hatimaye Bibi alisema, "Sawa, mama." Kisha akasema, "Na sukari iwe mpya. Ile ina dawa."

ILIAMULIWA:
(a) Bibi Ooleesie na Niviaq waende kupimwa pamoja kesho Ijumaa.
(b) Niviaq aanze vidonge upya, na Katibu mwenyewe amwangalie akimeza, kabla ya kwenda kazini.
(c) Annie akiona jambo kama hili tena aende kwa mama wa mtoto kwanza, asingoje kikao. Annie alikubali. Alisema alikuwa na hasira na Bibi kwa yale maneno ya kikombe.

KUMB. NA. 5/03/2019: KARATA ZA JUMAMOSI
Annie alitaka zisimamishwe. Bibi Ooleesie alisema bora asimamishwe Annie. Baada ya mabishano iliamuliwa ziendelee. Nailoni iliyobandikwa kwenye dirisha la jikoni itolewe, na dirisha lifunguliwe kila baada ya michezo mitatu, hata kama ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Watu waje na makoti yao. Mwenye kikohozi abaki nyumbani, naye apelekewe chakula asijione ametupwa.

Kiti cha Ragilee karibu na jiko kisikaliwe. Iliungwa mkono na wote, Annie akiwa wa kwanza.

KUMB. NA. 6/03/2019: MENGINEYO
Kopo la sukari lilirudishwa kwa mwenyewe. Vidonge alichukua Nesi.

KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini, baada ya Bibi Ooleesie kunywa chai kutoka kikombe cha Annie kisicho na rangi.

NYONGEZA YA KATIBU, IJUMAA TAREHE 15 MACHI
Tufani imezuia ndege wiki nzima na barua hii bado iko mezani, kwa hiyo Mwenyekiti amesema niandike yaliyofuata.

Walikwenda. Niviaq alikaa barazani pa zahanati na birika lile la zamani mapajani, lina kutu na mdomo umepinda, na alimwambia kila aliyepita asimguse, ana kazi. Ndani ilichukua dakika nane. Mimi nilihesabu. Bibi alitoka akiwa amefunga macho, akayafungua, akamkuta pale pale. Akasema, "Umengoja." Akajibiwa, "Si nilikuambia." Niligeuka nikatazama ukuta.

Picha za wote wawili ni safi, mapafu hayana doa. Lakini mkono wa Bibi ulivimba pale alipochomwa sindano ya kupimia, maana yake vidudu vimelala ndani yake. Nesi alisema si lazima viwe vimetoka kwenye karata, huenda vimo tangu utotoni, tangu hema la mama yake. Bibi alisema, "Kumbe mama aliniachia kitu. Miaka sitini nakaa na wageni wake na sijawapa hata chai." Sasa anawapa vidonge. Anakuja kwangu kila asubuhi kabla sijaenda shule, wanameza pamoja, wanahesabu moja, mbili, tatu, na mwenye kumeza wa mwisho anaosha vyombo. Mpaka leo anayeosha ni Bibi, na mimi naona anachelewa makusudi.

Jana tufani ilipotulia nilisikia Niviaq anapiga kelele nje. Nikatoka bila koti, moyo mkononi. Alikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi, anawaita watoto wa shule waje kuona. Bibi naye amesimama pembeni, ameweka mikono kiunoni kama aliyeua nyangumi. Theluji pale Bibi alipochuchumaa ilikuwa ya rangi ya chungwa kuliko zote. Hakuna anayemwita mwanangu Chungwa tena, wameambiwa hilo sasa ni jina la Bibi Ooleesie, na kwake hakuna anayethubutu.

Wifi yangu, ndege itaondoka kesho na barua hii imo. Wewe pia unameza vidonge hivyo hivyo, Nesi ametuambia. Tuandikie kifua kimefikia wapi, unakula, unalala, na siku waliyokutajia ya kurudi. Usingoje upone sana ndiyo uandike. Niviaq amesimama hapa ubavuni mwangu, anataka niongeze swali lake, anasema jibu lisichelewe: huko kusini unakojoa rangi gani?

Sahihi:

Meeka Qappik, Mwenyekiti ........................

Leetia Akavak, Katibu ........................