Kideri cha Mwaka Ule

Katoro,
Jumanne, 11 Machi 2025.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mayu. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na choroko zimeanza kutoa maua. Sisi huku tu wazima. Magesa anaendelea na kazi yake kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na mjukuu wako Loveness ameota meno mawili, anamuuma kila anayembeba. Utajiuliza kwa nini nimeandika ilhali simu ninayo. Ukifika mwisho utaelewa.

Kwanza nikupe habari za vifaranga, maana najua kaka Bartholomeo aliporudi huko alikwambia nimegeuza sebule kuwa banda. Ni kweli. Mwezi wa kwanza nilipokea vifaranga mia moja wa siku moja, waliokuja na basi kutoka Mwanza ndani ya maboksi yenye matundu. Magesa alisema wiki haitaisha kabla hatujawazika wote. Nilikuwa nimeshahudhuria mafunzo ya bwana mifugo, na nilijua ninachofanya. Kwenye kona ya sebule nilizungusha hadibodi ikawa duara, ili wasipate pembe ya kulaliana, nikamwaga maranda, nikatandika magazeti juu yake, na chungu cha mkaa nikakiweka katikati mapema, wakute pana joto. Maji yao ya kwanza niliyatia glukosi. Nilichovya mdomo wa kila mmoja majini, mmoja baada ya mwingine, hadi wote mia wakajua kunywa.

Mama, kifaranga hasemi lakini anaonyesha. Wakisikia baridi wanarundikana kwenye chungu. Joto likizidi wanakimbilia ukingoni, midomo wazi. Wakiridhika wanatawanyika na kulala popote. Mimi nilikaa na kuwaangalia mpaka nikawazoea. Siku ya saba niliwapa chanjo ya kwanza ya kideri kwa mkono wangu, tone moja kwenye jicho la kila mmoja, na sikupoteza hata tone.

Wiki ya pili ilikuja mvua ya mawe, mchana, upepo ukang'oa bati upande wa sebule. Niliwakusanya kwenye mabeseni, nikawafunika kwa kanga zangu zote, nikawahamishia chumbani. Mkaa niliuwasha nje hadi moshi ukaisha ndipo nikauingiza, na dirisha nikaliacha wazi kidogo. Walikufa wanne tu. Magesa aliporudi alikuta kitanda kimesukumwa ukutani na vifaranga wametapakaa sakafuni. Akavua buti mlangoni asije akawakanyaga, akakaa chini kuwahesabu. Tangu siku ile hasemi tena habari ya kuzika. Sasa wana wiki saba, wana manyoya, na majogoo wameshaanza ubabe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita Mama Ignas, jirani yetu wa huko Samuye, alikuja kumwona mwanawe hapa Katoro, akapita kunisalimia. Nilifurahi, nikamkaribisha ndani aone kuku. Akasimama mlangoni.

“Nitawaangalia kutokea hapa, mwanangu,” akasema. “Wasije wakafa kesho nikaambiwa ni jicho langu tena.”

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba amekuja kwa basi la asubuhi. Hilo ndilo lililoniumiza.

Unakumbuka mwaka ule kuku wako wote walipokufa, thelathini na wawili, na vifaranga juu yake. Ulikuwa umekwenda Bugarama kumuuguza bibi, ukaniachia banda nikiwa na miaka kumi na mitano. Mama Ignas alikuja kuomba chumvi, akawasifu kuku. Uliporudi ukawakuta wanapinda shingo na kuharisha kijani, ukasema ni yeye. Watu wakakuamini. Wakaacha kunywa maji kwake, naye akaacha kwaya.

Mama, ni mimi. Siku mbili baada ya wewe kuondoka nilinunua tetea mwekundu mnadani. Nilitaka ukirudi ukute nimekuongezea. Alikuwa amejikunyata, nikadhani ni uchovu wa kufungwa miguu, nikamweka pamoja na wengine. Siku ya tatu akafa. Nilimtupa chooni, nikanyamaza. Kwenye mafunzo ndipo nilipofundishwa kwamba kideri huingia bandani na kuku mgeni namna hiyo. Lakini sitajificha nyuma ya mafunzo. Wa pili na wa tatu walipoanza kufa, nilijua balaa lile nimelileta mimi. Nilikusikia ukimtaja Mama Ignas mbele ya watu, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Nilimweleza yote pale pale mlangoni, Magesa akisikia. Mama Ignas akaniuliza kama mama yangu anajua. Nikamwambia hujui.

“Basi mwandikie wewe,” akasema. “Mimi nikimwambia hataniamini.”

Halafu akaingia. Akachuchumaa katikati ya kuku, akamshika mmoja, akampapasa kifuani, akaniuliza nawalisha nini.

Nitafika huko Jumamosi ya tarehe 22. Najua utanikasirikia, na nitakaa nikusikilize hadi umalize. Nimeogopa miaka yote hii, lakini sasa siogopi tena. Nina ombi moja tu, mayu. Tusimwite Mama Ignas aje kwetu. Tutakwenda wewe na mimi, kwa miguu, mchana, tupite njia ya kisimani wanakokaa watu, watuone tukiingia kwake, na watuone tukinywa maji yake.

Mfikishie baba shikamoo yangu, na wote wanaoniulizia uwaambie nipo njiani. Magesa anakuamkia kwa heshima. Mungu akulinde hadi nitakapokushika mkono.

Ni mimi mwanao,
Martina