Ndege Iliyokataa Kutua Karungu

Achieng mjukuu wangu,

Hapa Karungu tuko salama, na goti la nyanya yako limepata nafuu. Umeniuliza rubani anajuaje wakati wa kukataa kutua.

Nikiwa kijana, ndege ndogo yenye kasi kama hiyo unayoirusha wewe ilileta mwili wa mjomba wangu kutoka Kisumu. Tukaingia uwanja wa ndege na ng'ombe, desturi yetu ya kufukuza kifo, tukimpungia rubani mikono atue. Alipita chini mara mbili, akarudi Kisumu. Tukamwita mwoga.

Mpaka leo sielewi aliwezaje kuwakatalia watu wanaolia. Lakini baba yangu alikuwa katikati ya uwanja, nami kando yake; angetua, angetugonga.

Siku utakayokuja, ukiniona nakupungia mkono, usiniangalie mimi. Angalia ng'ombe.

Babu yako